Milimita Tisa

Mwalimu alifundisha hesabu miaka thelathini na minne, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona akigombana na rula. Wanafunzi walimbandika jina la Desimali, kwa sababu ukimjibu "tatu na kidogo" alikuuliza kidogo ngapi. Basi asubuhi ile, alipoinama juu ya ubao wa kabati na kusoma rula ya chuma kwa mara ya nne, alijihisi kama mtu aliyetoka chooni nyumbani kwake na kukuta mlango wa chumba umehamia ukuta mwingine.

"Kumi na tatu," alijisemea. "Kumi na tatu imetoka wapi?"

Alikuwa ameiambia mashine tisa.

Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akaivaa tena. Kumi na tatu ilikuwa pale pale, haina hata aibu.

Karakana ilikuwa ya mdogo wake, mwanamume ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi na yeye mwenyewe alikuwa karibu kusahau jina lake jingine. Ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya nyumba, chenye bati juu na madirisha mawili upande mmoja, na meza ya kazi iliyoliwa na misumeno hadi kingo zake zikawa kama mkate uliong'atwa. Miezi minne iliyopita kiharusi kilimwangusha Fundi akiwa mezani anakunywa chai. Mguu ulirudi, ingawa kwa kuburuta. Mkono wa kulia ulibaki umelala mapajani. Na maneno, daktari alisema, hayakumwisha. Yalibadilishana viti tu. Akitaka maji aliomba ufunguo. Akitaka ufunguo alisema Jumapili. "Anaelewa kila kitu mnachomwambia," daktari aliwaambia, "ila njia ya kutokea ndiyo imevurugika."

Kabla ya kuanguka alikuwa amepokea kazi ya kabati la dawa, la zahanati. Mkunga mkuu alitaka kabati pana lenye milango miwili ya kioo ya kuteleza, si ya kufungua, kwa maana chumba cha dawa kilikuwa chembamba na mlango wa kufungua ungempiga mgonjwa usoni. Mbao zilikuwa zimeshapigwa randa, vioo vimekatwa, vimeegemezwa ukutani na kufunikwa blanketi. Kilichobaki ni kuchimba mifereji ambamo vioo vitateleza: miwili ubao wa juu, miwili ubao wa chini. Ule wa juu Fundi alikuwa ameshaumaliza kwa mkono wake.

Mwalimu hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Tangu astaafu alikuwa akishinda karakanani kwa mdogo wake, kwanza kupiga msasa, kisha kupaka gundi, na mwisho kushika mashine kwenye vipande vidogo, Fundi akiwa amesimama begani pake. Kila alichofundishwa alikiandika kwenye daftari la mistari mipana. Mkunga alipotuma ujumbe kuuliza kama atafute fundi mwingine, Mwalimu alijibu kabla ya kufikiri: "Alhamisi uje uchukue kabati lako."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Sasa ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, na tayari ubao mmoja ulikuwa na mfereji usioeleweka.

Mashine yenyewe ilikuwa ile ya kuchimba mifereji ya mbao, mafundi huiita rauta: tumbo la mota, mishikio miwili, nguzo mbili za chuma ambazo mota hupanda na kushuka juu yake, na chini kabisa kisu kinachozunguka kwa kasi hata jicho halikioni. Ilikuwa imekaa miezi minne bila kuguswa. Jumatatu jioni Mwalimu aliichomoa kwenye umeme, akaipuliza vumbi, akachukua kopo la mafuta ya mashine na kuihudumia kama mtoto aliyetoka kuoga. Alipaka mafuta kwenye nguzo, kwenye kitasa cha kufungia, na kwenye kila tundu lililoonekana limekauka.

Fundi alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, akitazama. Ghafla alishika kola ya shati lake kwa mkono wa kushoto.

"Shati!" alisema.

"Limelowa jasho?" Mwalimu aliuliza.

"Shati. Shati!"

Alimbadilisha shati. Fundi alilitazama lile jipya, akaishika kola yake vile vile, akasema tena, "Shati." Akabadilishwa tena, na mara ya tatu. Wifi yake Mwalimu, mke wa Fundi, alipoingia na kukuta mashati matatu yananing'inia kwenye jiriwa, kile kibano cha chuma cha mezani, aliweka mikono kiunoni.

"Wifi, mnafanya maonyesho ya mavazi humu ndani?"

"Anataka shati, lakini sijui lipi."

"Sabuni ndiyo inajua," wifi alisema, akayakusanya mashati.

Na Jumanne asubuhi Mwalimu alianza kazi. Alifuata daftari lake neno kwa neno. Plagi nje ya umeme, tena akaiweka juu ya meza mahali anapoiona, maana mdogo wake alimfundisha kwamba vidole haviendi karibu na kisu mpaka plagi ikutazame usoni. Akaingiza kisu kwenye shingo ya mota, akakaza nati kwa spana. Akasimamisha mashine juu ya ubao, akaishusha taratibu mpaka ncha ya kisu ikagusa mbao kama kidole kinavyogusa chai ya moto, akaifunga hapo. Hiyo ndiyo sifuri. Kisha akashusha kijiti cha chuma cha kupimia kina hadi juu ya kizuizi kilicho chini yake, katikati ameweka kipande cha mbao chenye unene wa milimita tisa, alichokipima mara tatu. Akakikaza kijiti, akaondoa kipande. Nafasi iliyobaki ndiyo kina ambacho kisu kitashuka, si zaidi. Na kizuizi kilikuwa na ngazi tatu, kwa sababu rauta haipewi kina chote kwa mara moja: tatu kwanza, halafu sita, halafu tisa. Ukiipa kazi yote kwa pupa itakutupa.

Alijaribu kwenye kipande cha mbao chenye urefu wa kiganja. Akapima. Tisa kamili. Akatabasamu peke yake.

Akaufunga ubao wa chini kwa klampu, akavaa miwani ya kazi, akachomeka plagi. Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri, wa pili vizuri. Wa tatu, katikati ya safari, sauti ya mota ikashuka, ikawa nzito, kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa pili njiani. Mwalimu alikaza mishikio akaendelea hadi mwisho. Alipopima pale alipomalizia ndipo akakutana na ile kumi na tatu.

Akakagua kijiti. Hakijasogea. Akaingiza kile kipande cha milimita tisa kati ya kijiti na kizuizi. Kikaingia sawasawa, hata karatasi isingepita pembeni. Kwa hiyo kina ni tisa. Lakini mfereji ni kumi na tatu.

"Sawa," alisema kwa sauti, kama alivyokuwa akisema darasani mambo yakiharibika. "Tuanze upya. Huenda sifuri nimeiweka vibaya."

Akachomoa plagi, akaweka sifuri upya, akapanga tisa upya. Kwenye kipande cha majaribio akapata tisa. Akarudi kwenye ubao kuchimba mfereji wa pili. Safari hii, mzunguko wa tatu, mashine iliguna, ikaruka mikononi mwake na kwenda upande kama mbuzi anayekataa kamba. Aliachia swichi. Aliposubiri kisu kisimame na kupima, alipata kumi na tano, kwenye ubao wenye unene wa ishirini.

Akarudi kwenye kipande cha majaribio, sifuri upya. Tisa.

Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Kwenye kipande tisa, kwenye ubao kumi na tano, kwenye kipande tisa tena. Mashine ile ile, rula ile ile, mikono ile ile. Au siyo mikono ile ile? Mama yao, miaka yake ya mwisho, alikuwa akihesabu vijiko vile vile sita kila baada ya kula. Leo anapata saba, kesho vinne, na kila mara alikuwa na uhakika, na kila mara alimtuhumu mtu. Mwalimu alikuwa na miaka sitini na mmoja. Alijiuliza kama mama naye alianza hivi, kwa kitu kidogo kama tisa.

"Saba mara nane," alijinong'oneza. "Hamsini na sita. Kumi na saba mara kumi na tatu. Mia mbili ishirini na moja."

Majibu yalikuja haraka, lakini hayakumtuliza. Mama naye alikuwa akiikumbuka hesabu ya kuzidisha hadi siku ya mwisho.

Mlangoni, Fundi alikuwa ameanza tena. Alishika kola, akaivuta.

"Shati, shati, shati."

"Ndugu yangu, naomba," Mwalimu alisema, na sauti yake ilimshtua mwenyewe kwa ukali. "Shati unalo. Ni safi. Limepigwa pasi. Nina matatizo yangu hapa."

Fundi aliiachia kola. Akamtazama kwa yale macho yake mapya ya tangu augue, macho ya mtu anayegonga dirisha la gari na dereva hasikii.

Wifi alileta chakula cha mchana, akaukuta ubao umeharibika na Mwalimu amekaa kwenye ndoo.

"Umeumia?"

"Hapana. Nadhani nimechanganyikiwa."

"Umechoka. Hayo ni mambo mawili tofauti." Wifi aliuchungulia mfereji. "Mimi naona tundu tu. Tundu refu. Tatizo liko wapi?"

"Kina hakilingani. Kioo kitakaa mshazari, mlango utakuwa unateleza wenyewe."

"Si wataokoa nguvu?" wifi alisema, kisha alipoona Mwalimu hacheki, akamwekea mkono begani. "Tumpigie yule fundi wa milango, wa njia panda. Hakuna atakayekucheka, wifi. Umestaafu, hujaajiriwa humu."

Mwalimu alikubali. Alichukua hata simu. Lakini alijua swali la kwanza la yule fundi litakuwa "mashine ina tatizo gani?", na kusema kweli hakuwa na la kumjibu. Hawezi kumwita mtu na kumwambia namba zimenigeuka. Akaweka simu chini, akachukua penseli.

Alifanya kile ambacho angemwambia mwanafunzi afanye. Aliugawa mfereji wa pili kila sentimita kumi, akapima kina mahali pote, si mwisho tu, akaandika. Tisa. Tisa. Tisa na nusu. Kumi na robo. Kumi na moja na nusu. Kumi na tatu. Kumi na tano. Akafanya vivyo hivyo kwa mfereji wa kwanza: tisa, tisa, tisa na nusu, na kuendelea. Akachora mchoro nyuma ya daftari. Nukta zilijipanga kama ngazi inayoshuka.

Aliitazama ngazi ile muda mrefu. Mtu aliyepotewa na akili angekosea huku na huku, juu na chini. Hizi zilikuwa zinakwenda upande mmoja tu. Mwanzo wa kila mfereji ulikuwa sahihi, na kadiri kisu kilivyosafiri ndivyo kilivyozama. Ndiyo maana kipande kifupi hakikuonyesha kitu. Safari yake ilikuwa fupi mno. Si yeye.

Lakini kama si yeye, ni nini? Kijiti hakijasogea, na kitasa kimekaza. Kitu kilichofungwa kinazamaje?

Wakati huo Fundi alikuwa ameivuta kola mpaka shingo ikawa nyekundu, na sasa alikuwa akijipiga shingoni kwa kiganja.

"Shingo inamuuma huyu," wifi alisema. "Tangu jana anaishika. Sisi tunabadilisha mashati, kumbe ni mshipa."

Ilikuwa hoja ya maana kuliko zote zilizosemwa siku hiyo. Mwalimu alifuata chupa ya mafuta ya kuchulia ndani, akayamimina kiganjani, akaanza kumchua mdogo wake shingo kwa utaratibu.

"Hapana!"

Wote wawili waliruka. Lilikuwa neno zima, safi, mahali pake, la kwanza la namna hiyo kwa miezi minne. Fundi aliunyakua mkono wa dada yake akautupa pembeni. Akavuta taulo begani kwa wifi, akaanza kujifuta shingo. Alijifuta mbele, akajifuta nyuma, akajifuta chini ya sikio, akalichungulia taulo kama lina mafuta, akajifuta tena mpaka ngozi ikakauka. Kisha akalirusha taulo. Alikuwa hajazoea kurusha kwa kushoto. Likapiga ukingo wa meza, likaangukia kando ya rauta.

"Haya, amekasirika," wifi alinong'ona.

Mwalimu alikuwa akiangalia doa la mafuta kwenye taulo. Halafu mashine. Halafu kopo la mafuta ya mashine, lililokuwa bado kwenye rafu pale alipoliacha jana.

Alikagua plagi; ilikuwa juu ya meza, inamtazama. Akachukua spana, akafungua nati ya shingo ya mota, mahali pale kisu kinaposhikwa. Kisu kilimteleza vidoleni kama sabuni. Mguu wa kisu, ule unaoingia shingoni, uling'aa mafuta wote, na kuuzunguka kulikuwa na mikwaruzo mipya, myembamba, ya chuma kilichokuwa kikiteleza ndani ya chuma.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Nimeipaka mafuta shingo. Shingo inashika kwa kuwa kavu, wifi. Nimeilainisha, kwa hiyo kila ikifanya kazi nzito kisu kinachomoka kidogo kidogo, kinashuka. Na nikisimamisha, naweka sifuri upya pale pale kiliposhukia, inaonekana hakuna kilichotokea." Alikaa tena kwenye ndoo. "Kingeendelea kingetoka kizima. Kinazunguka vile."

Wifi alikitazama kisu, akasogea hatua moja nyuma, ingawa kilikuwa kimelala mkononi.

Mwalimu alitumia saa nzima kuikausha shingo ile. Alizungushia kitambaa kwenye kijiti chembamba, akakitumbukiza, akakizungusha, akakitoa, akabadilisha kitambaa, mpaka kikaanza kutoka kikiwa kikavu kama kilivyoingia. Akafuta mguu wa kisu. Akakiingiza hadi mwisho, kisha akakirudisha juu unene wa sarafu mbili, kwa sababu kisu kinachokaa kwenye sakafu ya shingo hakikazwi vizuri. Hilo lilikuwa kwenye daftari, limepigiwa mstari. Akakaza nati kwa nguvu zake zote. Halafu akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye daftari: kwa kalamu ya wino akachora mstari mwembamba kwenye mguu wa kisu, pale unapoingia shingoni. Mstari ukishuka, atauona.

Safari hii hakujaribu kwenye kipande cha kiganja. Alitumia ule ubao ulioharibika, upande wake wa pili, mbali na ile mifereji miwili, urefu wote. Tatu, sita, kisha tisa, na baada ya kila mzunguko alizima, akachomoa plagi, akainama kuangalia mstari wa wino. Haukusogea. Akapima mwanzo, katikati na mwisho.

"Tisa," alimsomea wifi. "Tisa. Tisa."

"Mimi nilijua tu," wifi alisema.

Jumatano ubao wa akiba, wa pekee wa kipimo kile, ulipata mifereji yake miwili. Fundi aliburuta mguu hadi mezani, akachomeka ukucha wa kidole gumba kwenye mfereji, akausafirisha kutoka mwanzo hadi mwisho akiwa amefumba macho.

Mwalimu alisubiri. Hatimaye hakuvumilia.

"Niambie jambo moja," alisema. "Ulikuwa unaniambia shingo? Tangu juzi, ulipokuwa unashika kola, ulikuwa unasema shingo ya mashine?"

Fundi alifumbua macho, akamtazama, akatabasamu kwa ule upande wa mdomo unaotii.

"Kengele," alisema.

"Kengele ndiyo, au kengele hapana?"

"Kengele," Fundi alirudia kwa upole, kama anayemwelewesha mtoto mgumu wa kuelewa, akarudi kitini.

"Labda harufu ya mafuta tu ilimchefua," wifi alisema baadaye, wakiwa wanakunja blanketi la vioo. "Wewe unataka kila kitu kiwe na maana."

Mwalimu aliligeuza jambo lile kichwani usiku na asubuhi yake, kila upande, na kila upande ulionekana wa kweli.

Alhamisi mkunga mkuu alifika na kijana wa mkokoteni. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi, mwenye sauti iliyozoea kuamrisha watu wasukume. Alisukuma mlango wa kioo kwa kidole kimoja. Ukaenda hadi mwisho bila kelele, ukasimama pale alipouachia. Akausukuma mwingine. Akachuchumaa, akachungulia mifereji.

"Fundi," alisema, akimpita Mwalimu na kwenda moja kwa moja kwenye kiti, "kazi ni ya kwako, naijua. Nataka jingine kama hili, la chumba cha kujifungulia. Itachukua muda gani?"

Mwalimu alifungua mdomo kumjibia, akaufunga. Fundi alikuwa akifikiri, ilionekana usoni. Alitazama mbao zilizobaki ukutani, akaitazama rauta, akamtazama dada yake kuanzia kichwani hadi miguuni kana kwamba anampima naye.

"Saba," alisema.

"Siku saba?" mkunga aliuliza.

Fundi alitikisa kichwa kukubali.

"Au wiki saba?" Mwalimu aliuliza.

Fundi alitikisa kichwa kukubali, kwa uhakika ule ule.

Mkunga aliwatazama kwa zamu, akacheka, akasema atapiga simu. Mkokoteni ulipotoka, Mwalimu alichukua daftari. Kwa miaka thelathini na minne aliwanyima maksi wanafunzi walioandika namba bila kusema ni ya nini, kilo au mita au saa. Aliandika "kabati la pili: saba", akaishika kalamu juu ya karatasi kitambo, akaacha nafasi, na kwenda kuangalia kama mbao zitatosha.